Filamu Yangu Imekwama Ukurasa wa 61

BARUA

Kaka na dada wa safu hii, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 36, fundi cherehani hapa Pangani, Tanga. Mwaka jana mwezi wa kwanza nilianza kupiga filamu ndefu, ya kwanza kwangu. Ni habari ya mjane, Bi Tatu, anayegombea mashua ya marehemu mumewe na shemeji yake, Salimu. Skripti ina kurasa 94. Hadi mwezi wa tisa tulikuwa tumepiga kurasa 61, kisha mambo yakasimama, na mpaka leo yamesimama.

Pesa ndiyo iliyokwisha kwanza. Nimetumia shilingi 5,800,000, zote za cherehani na mchezo wa kupeana. Kwa sasa nikijibana naweza kutenga 120,000 kwa mwezi. Pili, kijana anayeigiza Salimu amepata kazi Maskati, mkataba wa miaka miwili. Ameondoka amebakiza sini 7, pamoja na ile ya mwisho ambapo yeye na Bi Tatu wanakutana ufukweni wakati wa magharibi. Tatu ni sauti. Sini zote za sebuleni tulipiga pangaboi likizunguka, maana joto lilikuwa kali, na wakati ule sikuona tatizo. Nikisikiliza leo nasikia mvumo, na watu wanaongea nyuma yake. Nne, diski yenye picha zote ilianguka kutoka mezani. Bado inafunguka, ila baada ya dakika kumi hivi hujikata yenyewe. Kadi tulikuwa tunazifuta kila wiki ili tuzitumie tena, kwa hiyo picha ziko hapo tu.

Kaka yangu anasema nikate kilichopo niifanye filamu fupi ya dakika 20, nipumzike. Mpiga picha wangu anataka nichukue mkopo wa kikoba, milioni tatu, tununue kamera nzuri zaidi tumalizie kwa nguvu mpya. Mwigizaji wangu mkuu anasema tuirushe YouTube vipande vipande, watu waone tunachofanya. Nikipita sokoni naulizwa, "Filamu iko wapi?" Siku hizi nimeanza kupita njia ya nyuma.

Mimi sitaki kuiacha. Ila sijui nishike wapi. Nisaidieni.

Fundi wa Pangani

JIBU

Dada yetu, pole na hongera. Kurasa 61 kati ya 94 ni karibu theluthi mbili ya filamu, na umeipiga kwa pesa ya kushona nguo. Hatutaki ipotee.

Tuanze na ya kukataa. Filamu fupi usifanye. Sini ulizopiga zilipangwa kuijenga hadithi taratibu. Ukizibana ndani ya dakika 20 utapata mwanzo mrefu usio na mwisho. Mkopo wa kamera usichukue. Kamera mpya haitatoa rangi sawa na ya zamani, na mtazamaji ataona filamu inabadilika sura ghafla, tena katika mambo manne uliyoyataja hakuna hata moja ambalo kamera italitibu. YouTube tutaizungumza mbele. Halafu kuna moja ambalo hukuliuliza, nalo ndilo jibu letu kubwa: usipige tena hata sini moja mpaka uwe umehariri zile kurasa 61.

Sababu ni kwamba hizo kurasa 33 ulizobakiza ni hesabu ya skripti. Filamu yenyewe ina hesabu yake, na hiyo utaijua ukikaa kwenye meza ya uhariri. Leo unaona mlima kwa sababu hujaupima.

Lakini kabla ya meza kuna diski. Ichomoe sasa hivi, na usiifungue tena kwa ajili ya kuangalia tu. Nunua diski mbili mpya, kila moja TB 1. Kamera zikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, hula GB 45 kwa saa moja ya picha; hata kama una saa 11 za picha, hiyo ni GB 500 hivi na itatosha kila upande. Nunua pia waya mpya, mfupi. Diski iliyoanguka ikawa inajikata bila kupiga kelele, mara nyingine mgonjwa ni waya au tundu lake. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishie kigawanyio cha USB, na kompyuta iwe kwenye umeme wa ukutani ili nguvu isishuke. Ukiisikia diski inagonga tak-tak-tak au inakwaruza, izime hapo hapo na umpelekee mtu anayefanya kazi ya kuokoa data, siyo fundi wa simu. Akiifungua mezani, vumbi likaingia, basi. Na wale watakaokwambia uiweke kwenye friji, usiwasikilize: unyevu unaoganda ndani huimaliza kabisa.

Kompyuta ikikuuliza kama irekebishe makosa ya diski, kataa. Kurekebisha ni kuandika juu yake, na wewe unataka kusoma tu. Nakili folda ndogo ndogo, dakika saba au nane, simamisha, iache ipoe, rudi. Utaratibu wa kunakili usiwe wa tarehe. Anza na sini zote za Salimu, kwa kuwa huwezi kumpata tena. Fuata na sini zenye watu wengi, zile ulizoomba mtaa mzima usimame. Kisha sini za Bi Tatu. Mashua zikipita mtoni na picha za mji ziwe za mwisho, hizo unaweza kupiga tena asubuhi yoyote. Tumia programu inayohakiki nakala, mfano TeraCopy, maana faili linaweza kuonekana limefika kumbe nusu yake haipo. Ukimaliza, diski moja ibaki kwako, ya pili ikalale nyumba nyingine. Kuanzia siku hiyo kadi haifutwi mpaka picha ziwe sehemu mbili.

Sasa meza. Programu ya kuhariri DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha kwa filamu nzima. Inatoa picha hadi 3840 kwa 2160, na ukumbi wa sinema hauhitaji zaidi ya hapo. Kompyuta ikikwama, usinunue nyingine, tengeneza nakala nyepesi za klipu ndani ya programu hiyohiyo, za robo ya ukubwa, uhariri kwa hizo. Mwishoni programu itarudisha picha halisi. Kuna mtego mmoja: kama baadhi ya picha mlipiga kwa simu, simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka, na sauti huanza sawa lakini hukimbia midomo kadiri klipu inavyokwenda. Zipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake ukichagua kasi isiyobadilika, ndipo uzilete.

Chapisha skripti yote kwenye karatasi, uchukue kalamu za rangi tatu. Kijani kwa sini iliyopigwa na inayofaa, njano kwa iliyopigwa ila sauti mbovu, nyekundu kwa isiyopigwa. Panga filamu kuanzia sini ya kwanza hadi ya mwisho kwa mfuatano wa hadithi, na usiruke zile nyekundu: kila moja iwekee ubao mweusi wenye maandishi, "Bi Tatu anaingia benki, anaambiwa jina lake halimo kwenye karatasi za mashua," ukae muda ambao sini ingechukua, na wewe mwenyewe usome mistari yake kwa sauti ya simu. Inaonekana kazi ya kitoto. Ndiyo itakayokuonyesha filamu yako nzima kwa mara ya kwanza.

Tuseme skripti ina sini tatu za safari hiyo ya benki: anafunga mlango wa nyumba, amepanda bodaboda, anapanda ngazi za benki. Ukitazama ubao mweusi mara tatu mfululizo utaanza kuchoka na wewe mwenyewe. Ondoa zote tatu. Mlango unafungwa, na picha inayofuata ni mkono wa karani unarudisha karatasi kwenye kaunta. Hakuna mtazamaji atakayeuliza alifikaje. Umeokoa siku nzima ya kupiga, bodaboda mbili na kibarua cha kuomba benki ruhusa ya nje, na karani unampiga kwenye meza yoyote yenye ukuta mweupe nyuma yake. Utakuta pia habari moja inasemwa mara mbili na watu wawili tofauti. Bakiza aliyeisema vizuri. Usishangae kurasa 33 zikabaki 18, au 15.

Ukifika hapo, waite watu wanne ambao hawamo kwenye filamu na hawajasoma skripti. Usiwaeleze kitu. Kaa pembeni yao uone nyuso zao, na uandike dakika ambayo mtu anashika simu. Ikiwa wawili wameshika simu dakika ileile, tatizo liko dakika tatu au nne kabla, siyo pale. Baadaye waulize mawili tu: ni wapi ulipotea, na unadhani Salimu anataka nini. "Umeipenda?" usiulize, watakujibu kwa adabu tu.

Tuje kwa Salimu mwenyewe. Kijana ameenda Maskati: basi na Salimu aende Maskati. Kwa watu wa Pangani na Tanga hakuna safari ya kawaida kuliko hiyo, na mtazamaji ataikubali bila maelezo marefu. Mpe Bi Tatu sini moja fupi ya kuambiwa na jirani, "Shemeji yako kaondoka na ndege ya jana," na mzozo wote uliobaki uhamie kwenye simu. Na sisi tunaona hadithi inapata nguvu hapo. Mtu anayekutisha kwa sauti, humuoni uso, hujui amekaa na nani, anatisha zaidi ya yule aliyesimama mlangoni. Kamera inabaki kwa Bi Tatu, na yule mwigizaji wako mkuu anapata nafasi ya kusikiliza. Kusikiliza ndiko kuigiza kugumu kuliko kote.

Kijana asikutumie sauti ya WhatsApp ya kubonyeza na kuachia, ile hubanwa sana. Arekodi kwa programu ya kinasa sauti ya simu, ubora wa juu kabisa, akituma faili kama hati. Arekodie ndani ya kabati la nguo likiwa wazi, au akae kitandani amejifunika blanketi kichwa na simu, kiyoyozi kimezimwa. Simu iwe mbali na mdomo kiasi cha shubiri moja, pembeni kidogo ili pumzi isipige maiki. Kila mstari ausome mara tatu: mara moja kwa upole, mara moja kwa haraka, mara moja akiwa amechoka na wewe. Na siku ya kurekodi msomee wewe mistari ya Bi Tatu kwenye simu nyingine akiwa na visikizi masikioni, asije akaongea na ukuta. Oman wako saa moja mbele yetu. Panga usiku baada ya kazi zake. Sauti safi utaifanya iwe ya simu kwenye uhariri, kwa kukata mvumo wa chini ya hezi 300 na ukali wa juu ya 3,400. Iliyorekodiwa mbovu huwezi kuisafisha.

Inabaki ile ya ufukweni, ambayo hatushauri uiondoe, kwa kuwa filamu nzima inawaongoza watu kwenye mkutano huo. Salimu atarudi, na atakayeonekana ni mtu mwingine: tafuta kijana wa kimo kilekile na mwendo unaokaribiana, kanzu ileile, kofia ileile. Siri ni mwanga. Bahari ya Pangani inatazama mashariki. Ukipiga jioni ukiielekezea kamera baharini, jua liko mgongoni mwako na sura ya kijana itaonekana wazi. Kwa hiyo sini ya magharibi ipige alfajiri. Anga la baharini linakuwa jeupe kabla jua halijatoka, na aliyesimama mbele yake hugeuka kivuli cheusi, kanzu na kofia tu, sura hakuna. Una dakika 20 hivi za mwanga huo, siyo zaidi, kwani huku kwetu jua halichelewi. Fika saa 10:30 usiku, kamera iwe tayari saa 11:15, upimaji na mazoezi vifanyike gizani kwa tochi. Jua lenyewe lisiingie kwenye picha hata ukingo wake. Mzawa yeyote wa pwani anajua linatokea wapi, na atakushtaki. Piga mikupuo mitatu: wawili wakiwa mbali, mgongo wa Salimu na Bi Tatu mbele yake, na uso wa Bi Tatu peke yake ambao unaweza kuupiga hata baada ya mwanga kuongezeka, pembeni ya mashua. Maneno ya Salimu yatatoka Maskati.

Na angalia maji. Kama tayari una picha za Bi Tatu akishuka ufukweni, tazama maji yalikuwa wapi, kwenye mchanga au yamepwa hadi matopeni. Kila siku maji hujaa kama dakika 50 nyuma ya jana yake, kwa hiyo ukikosea asubuhi ya kwanza ukasema utarudi kesho, ufukwe utakuwa mwingine. Rudi baada ya wiki mbili: maji yatakuwa karibu palepale, yametangulia dakika 40 tu. Bamvua (maji makubwa) kwa bamvua, maji mafu (maji madogo) kwa maji mafu. Wavuvi wa hapo watakupa saa bila hesabu yoyote. Ukumbuke pia mlipiga tangu msimu wa upepo wa kaskazi hadi ule wa kusi. Mawimbi na upande wa upepo hubadilika, na tanga lililojaa kushoto sini ya 20 haliwezi kujaa kulia sini ya 21.

Sauti ya sebuleni. Mvumo wa pangaboi una bahati moja: haubadiliki. Programu ya kusafisha sauti huusoma kwenye sekunde mbili ambazo hakuna anayeongea, kisha huupunguza popote ulipo. Usiuondoe wote. Ukilazimisha, sauti za watu hugeuka kama wanaongea ndani ya bomba. Punguza hadi maneno yaeleweke, halafu tandaza mvumo mdogo wa chumba chini ya sini nzima ili masikio yasisikie ukikatika kila mtu anapobadilika. Bodaboda iliyopita, jogoo na mvua kwenye bati havisafishiki hivyo, kwa sababu kila sekunde ni kelele nyingine.

Mistari isiyookoka, rudishia. Keti na mwigizaji chumba chenye magodoro mawili yameegemezwa ukutani na kitambaa kizito dirishani. Kwako vitambaa havikosekani. Mpe sentensi moja, siyo aya. Asikie alivyosema mwanzo, mara tatu mfululizo, kisha aseme juu ya picha. Maiki iwe ileile mliyotumia na umbali uleule. Ukiisogeza mdomoni atasikika kama mtangazaji. Mistari 10 mizuri kwa saa ni kazi nzuri, usitarajie 40. Mistari ya Salimu ya sebuleni mwongezee kijana kwenye orodha ya siku yake ya blanketi.

Kwa sini zilizobaki, feni na friji vizimwe kila mara. Funguo za nyumba ziweke ndani ya friji uliyoizima: huwezi kuondoka bila kuikumbuka, na samaki wa mwenye nyumba hawataoza. Mmoja avae visikizi muda wote wa teki, na huyo awe na haki ya kusema "tena" hata kama wewe umefurahi. Sauti ya juu kabisa ya mazungumzo icheze karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti. Kabla ya kuondoka kila mahali, watu wote wanyamaze sekunde 60 mrekodi ukimya wa chumba. Ungekuwa nao wa sebule ile, leo kilio kingepungua. Ufukweni, maiki ivishwe manyoya. Manyoya ya bandia ya kushonea kofia au mdoli yanafaa kabisa, na kifuniko chake utakishona wewe bora kuliko cha dukani.

Mipangilio ya kamera usiiguse: kama mlipiga fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50, iendelee hiyo. Umeme wetu ni hezi 50, na ukienda kinyume taa za ndani zitaanza kupepesa kwenye picha.

Sasa pesa na siku. Watu sita wanatosha: wewe, mpiga picha, wa sauti, mmoja wa nguo na mwendelezo, na waigizaji wawili. Chakula 4,000 kwa kichwa ni 24,000. Nauli 3,000 kwa kichwa ni 18,000. Maji na kuchaji betri 8,000, mwenye nyumba 10,000. Jumla 60,000. Kwa 120,000 yako una Jumamosi mbili kila mwezi, na zikiachana wiki mbili zinakaa vizuri na maji ya bahari. Kurasa tatu kwa Jumamosi, siyo sita. Kurasa 18 ni Jumamosi sita, weka na mbili za akiba kwa mvua na homa: miezi minne. Hesabu ya diski, waya na manyoya iwe miezi miwili ya kwanza, wakati unahariri na hupigi chochote. Panga siku kwa mahali, siyo kwa mfuatano wa hadithi: yote ya uani siku moja, hata kama moja ni sini ya 30 na nyingine ya 88. Jua la saa 6 mchana huchimba mashimo meusi machoni, kwa hiyo nje piga hadi saa 3 asubuhi, kisha ingia ndani ukae karibu na dirisha, urudi nje saa 10. Jua likikataa, shuka jeupe likivutwa juu ya kichwa cha mwigizaji na watu wawili huilainisha sura yake vizuri tu.

Kwa hili la Jumamosi huna haja ya kujiona umechelewa. Mwongozaji Christopher Nolan alipiga filamu yake ndefu ya kwanza, Following, iliyotoka 1998, Jumamosi baada ya Jumamosi kwa takriban mwaka mzima, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa na kazi zao katikati ya wiki. Walifanya mazoezi ya kila sini hadi wakawa na uhakika wa teki ya kwanza au ya pili. Hilo la mazoezi ndilo la kuiga: jioni za wiki, barazani kwako, bila kamera, bila gharama.

Mwaka umepita tangu muanze, basi nguo na nywele. Toa picha moja ya mwisho ya kila sini jirani, ichapishe, mtu wa mwendelezo aishike mkononi. Kwa filamu ya Bi Tatu hatari kubwa ni kanga. Rangi zikifanana haitoshi. Mtazamaji wetu anasoma jina. Akiingia ndani amejifunga kanga yenye jina moja na akitokea uani ina jina lingine, ukumbi mzima utacheka sini ya msiba. Kama ile ya awali imechakaa, itafute doti yake hasa sokoni Tanga kabla ya Jumamosi ya kwanza. Ikikosekana, ikunje upindo wenye maneno uingie ndani, na sini zote mpya zifanye hivyo.

Mambo ya karatasi tuyapitie haraka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, na filamu ihakikiwe na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Angalia tarehe za kibali chako. Mwaka umepita, kihuishe kwanza. Kila aliyeonekana au kusikika asaini karatasi moja ya kukuruhusu kutumia sura na sauti yake, na wa Maskati asaini naye, atume picha ya karatasi. Kama kuna waliokubali kulipwa filamu ikiuzwa, andika kiasi na masharti sasa, mkiwa bado mnapendana. Wimbo wowote mliouweka redioni ndani ya sini una haki mbili, ya mtunzi na ya rekodi yenyewe, uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Jibu likiwa gumu, muombe mpiga udi au kikundi cha ngoma cha hapo kikutungie kipya, kwa maandishi.

YouTube isubiri. Matamasha mengi, na vituo vya televisheni pia, hutaka filamu ambayo haijaonekana bure, na ukishaianika hairudi. Wa kuonyesha sasa mtumie kiungo chenye nywila. Mkato (filamu iliyohaririwa) ukikamilika, hata kabla ya rangi na muziki, hapo ndipo pa kuomba msaada: Final Cut in Venice, mpango wa tamasha la filamu la Venice, Italia, hupokea filamu za Afrika ambazo tayari zimepigwa zikabaki kumaliziwa, na hiyo itakuwa hali yako hasa. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, iko jirani yako, na filamu ya mashua na mjane ina watu wake pale Ngome Kongwe. Andaa tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, mistari miwili kwa wakati, herufi zisizozidi 42 kwa mstari. Nakala ya ukumbi wa sinema (DCP) usiitengeneze mpaka ukumbi uiombe; programu ya DCP-o-matic ni ya bure, usiku mmoja wa kompyuta unatosha.

Waigizaji wako usiwaambie "tunaanza karibuni." Hariri kwanza, hesabu Jumamosi zako, kisha mpelekee kila mmoja karatasi yenye tarehe zake tu na sini zake tu. Anayeigiza Bi Tatu mpelekee mwenyewe, mkononi, na umwonyeshe ule mkato wenye mbao nyeusi. Ameomba watu waone mnachofanya. Awe wa kwanza kuona. Kijana wa Maskati mwandikie leo usiku, kabla hujagusa diski, umuulize kama chumba anacholala kina kabati.